Ajira ya Mzazi na Usajili wa Mwana katika Mpira wa Kikapu wa Vyuo

Chuo kikuu kinapomwajiri mzazi wa kijana kinayemwinda kwa ajili ya timu yake ya mpira wa kikapu, watu watatu hufungwa na mkataba uliotiwa saini na wawili. Chuo hupata mtumishi, mzazi hupata mshahara, na kijana, ambaye jina lake halionekani popote kwenye karatasi, ndiye sababu ya karatasi hiyo kuwepo. Desturi hii imeota mizizi Marekani, ambako mpira wa vyuo ni biashara kubwa: kumbi hujaa maelfu ya watazamaji, televisheni hulipa fedha nyingi kuonyesha mechi, na kocha mkuu wa chuo chenye jina hulipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Uhalali wake umebishaniwa kwa zaidi ya miaka arobaini. Ubishi huo unaigusa pia Afrika Mashariki, ambako timu nyingi zimejengwa juu ya ajira na ambako kazi ya mshahara huwa ni neema ya ukoo mzima.

Nafasi anayopewa mzazi huwa ya aina mbili. Ya kwanza ni ya kocha msaidizi, anayefundisha mazoezini, kukaa kwenye benchi na kusafiri kutafuta wachezaji. Ya pili ni ya ofisini: mratibu wa shughuli za timu, anayeshughulikia safari, hoteli, ratiba na video za mechi. Hii ya pili haidai ujuzi wa ukocha, kwa hiyo ndiyo rahisi zaidi kugeuka kiti cha kumkalisha mtu. Anayeajiriwa pia si lazima awe baba. Wamewahi kuajiriwa kaka, baba wa ubatizo, hata kocha wa mtaani aliyemlea mchezaji tangu utotoni. Hoja zinazofuata zinawahusu wote hao, ingawa mzazi ndiye mwenye sauti nzito kuliko wote nyumbani.

Kuna hali moja inayofanana na hii kwa sura tu. Mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, LSU, kilimchukua Press Maravich kuwa kocha mkuu, na mwanawe Pete akafuatana naye. Press alikuwa tayari kocha mkuu wa North Carolina State, hivyo hakuna aliyeweza kusema kazi ilimzidi kimo. Pete alifunga pointi 3,667 kwa misimu mitatu, wastani wa 44.2 kwa mechi, na kwa upande wa wanaume wa daraja la kwanza la vyuo rekodi hiyo bado haijavunjwa. Aliyeikaribia zaidi ni Antoine Davis wa Detroit Mercy, aliyeishia pointi 3,664 mwaka 2023, naye pia alifundishwa na baba yake, Mike Davis. Katika visa vya namna hii baba ni kocha kwanza. Chuo kinatafuta kocha na mtoto anakuja kama nyongeza, hata kama nyongeza hiyo ilikuwa ikipigiwa hesabu. Utata huanza mpangilio unapogeuka, mtoto akawa ndiye anayetafutwa na baba akawa nyongeza.

Mgeuko huo ulionekana wazi mwaka 1983 katika Chuo Kikuu cha Kansas. Kocha mpya, Larry Brown, alimwajiri Ed Manning kuwa msaidizi wake. Wakati huo Ed alikuwa dereva wa lori huko Greensboro, North Carolina, na mwanawe Danny, kijana wa futi 6 na inchi 10, alikuwa miongoni mwa wachezaji wa sekondari waliotamaniwa zaidi nchini. Familia ilihamia mji wa Lawrence, Danny akamalizia sekondari hapohapo, na mwaka 1984 akajiunga na Kansas. Miaka minne baadaye, katika fainali ya 1988, alifunga pointi 31 na kudaka ribaundi 18, Kansas ikailaza Oklahoma 83 kwa 79 na kutwaa ubingwa wa taifa. Kelele zilikuwa nyingi tangu siku ya kwanza: dereva wa lori anapataje ukocha wa chuo kikubwa?

Wanaokitaja kisa hiki kama mfano wa uchafu huacha nusu ya habari. Ed Manning alikuwa amecheza mpira wa kulipwa kwa miaka kadhaa, na aliwahi kuwa chini ya Brown huyohuyo katika timu ya Carolina Cougars. Danny alipomaliza masomo na Brown kwenda kuifundisha San Antonio Spurs ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, Ed alikwenda naye. Kazi ya baba iliendelea baada ya mwana kuondoka, tena mahali ambapo mwana hakuwepo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kiliiadhibu Kansas mwaka huohuo wa 1988 kwa makosa ya usajili, lakini adhabu hiyo haikuhusu ajira ya Ed. Nia ya Brown inaweza kuwa ilikuwa kumnasa Danny, na pengine Danny asingekuwepo Ed asingepigiwa simu. Hata hivyo alichopewa Ed kilikuwa kazi kwelikweli.

Kansas ilirudia jambo hilo mwaka 2005, safari hii kwa nafasi ya ofisini. Kocha Bill Self alimwajiri Ronnie Chalmers, mstaafu wa jeshi la anga aliyekuwa kocha wa sekondari huko Anchorage, Alaska, kuwa mkurugenzi wa shughuli za timu, na mwanawe Mario akajiunga na chuo mwaka huohuo. Aprili 2008, zikiwa zimebaki sekunde chache fainali iishe, Mario alitupa mpira wa pointi tatu uliosawazisha mechi dhidi ya Memphis, na Kansas ikashinda katika muda wa nyongeza, 75 kwa 68. Mario akaenda NBA, na baba yake akaacha kazi. Mtu akilinganisha familia hizi mbili, zote za chuo kimoja na zote zenye kombe, ataona tofauti ambayo kombe haliionyeshi: kazi ya Ed ilidumu baada ya mchezaji kuondoka, ya Ronnie iliisha na mchezaji.

Memphis, iliyoshindwa katika fainali hiyo, ina visa vyake. Mwaka 2000 John Calipari alimwajiri Milt Wagner, bingwa wa vyuo na Louisville mwaka 1986 na bingwa wa NBA na Lakers mwaka 1988, na muda si mrefu mwanawe Dajuan akajiunga na timu, akacheza msimu mmoja na kwenda NBA. Kisa cha pili kinafundisha zaidi. Mwaka 2014 kocha Josh Pastner alimleta Keelon Lawson, kocha wa sekondari mjini humo, kuwa msaidizi wake. Wanawe Dedric na K.J. wakacheza Memphis. Pastner akaondoka, akaja Tubby Smith. Mwaka 2017 Smith alimtoa Lawson kwenye benchi la makocha na kumpa cheo kingine cha kukuza wachezaji. Baada ya muda mfupi vijana wote wawili walihamia Kansas, na timu ikapoteza mfungaji wake mkuu. Kocha mpya alifanya uamuzi wa kawaida wa kupanga benchi lake, lakini kila mtu mjini aliusoma kama uamuzi kuhusu Dedric. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mkataba wa mzazi humfunga mwajiri vilevile: hawezi kumkosoa, kumhamisha wala kumwachisha mtumishi huyo bila kutikisa timu.

Mwaka 2010 NCAA ilijaribu kuziba njia. Ilipiga marufuku chuo kumpa mtu aliye karibu na mchezaji kazi ya timu isiyo ya ukocha katika kipindi cha miaka miwili kabla ya mchezaji kujiunga na miaka miwili baada ya kujiunga. Nafasi ya kocha mkuu na za wasaidizi wake watatu ziliachwa wazi. Mantiki yake inaeleweka. Vyeo vya ofisini vinaweza kubuniwa hata kumi, na havimgharimu kocha kitu. Viti vya wasaidizi ni vichache, na anayempa baba wa mchezaji kimojawapo anajinyima kocha mwingine aliyemhitaji. Gharama hiyo ilitegemewa iwe breki. Matokeo yake yalikuwa ya kupanda kwa bei: mzazi ambaye zamani angetulizwa na cheo cha kuratibu safari sasa ilibidi apewe kiti cha mbele.

Machi 2017 Chuo Kikuu cha Missouri kilimwajiri Michael Porter, baba, kuwa kocha msaidizi kwa miaka mitatu, mshahara dola 375,000 kwa mwaka. Mwanawe mwenye jina hilohilo alikuwa kwenye orodha ya vijana bora kabisa wa sekondari. Aliumia mgongo dakika chache baada ya mechi yake ya kwanza kuanza, akacheza mechi tatu msimu mzima, akaondoka kwenda NBA. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Oklahoma aliajiriwa kaka: Cannen Cunningham mwaka 2019, na mdogo wake Cade akatangaza miezi michache baadaye kwamba anakwenda huko, akacheza msimu mmoja, na mwaka 2021 akawa wa kwanza kuchaguliwa NBA. Ajira zote mbili zilifuata kanuni.

Swali linalostahili kutafakariwa kwa muda mrefu ni kwa nini desturi hii ilizuka. Jibu liko kwenye sharti la michezo ya ridhaa. Kwa miongo mingi mchezaji wa chuo Marekani hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya masomo, chakula na malazi, wakati kipaji chake kilikuwa na bei sokoni na kila kocha aliijua. Bei isiyoweza kulipwa mlangoni hutafuta dirisha. Mara nyingine dirisha lilikuwa la gizani. Katika kesi iliyounguruma New York mwaka 2018, mahakama ilielezwa mpango wa dola 100,000 za kampuni ya Adidas kwa baba wa Brian Bowen ili mwanawe aende Louisville. Kijana alisema hakujua lolote, na hakucheza hata mechi moja ya chuo. Mara nyingine dirisha lilikuwa wazi na halali, nalo ni ajira ya mzazi. Kisa cha James Wiseman kinaonyesha jinsi mstari kati ya hayo mawili ulivyochorwa ovyo. Penny Hardaway, kabla hajawa kocha wa Memphis, aliisaidia familia ya Wiseman dola 11,500 za kuhamia mjini humo mwaka 2017. Kwa kuwa mwaka 2008 alikuwa amekichangia chuo dola milioni 1, alihesabiwa kuwa mfadhili wake, na mwaka 2019 kijana akafungiwa mechi 12. Dola elfu kumi na moja za kuhamisha vyombo zikawa kosa; dola laki tatu na sabini na tano kila mwaka, zikiitwa mshahara, hazikuwa kosa. Mtu anayetetea kanuni zote mbili kwa pamoja ana kazi ya kueleza anacholinda.

Watetezi wa ajira ya mzazi wana hoja za kweli. Wa kwanza wao husema mzazi mwenye sifa hapaswi kuadhibiwa kwa kosa la kuzaa mtoto hodari. Watu wengi waliocheza mpira huzaa wachezaji, na wengi waliocheza huwa makocha. Kuwafungia mlango wote kwa sababu ya watoto wao ni uonevu. Wengine huutazama ujamaa wa familia: kijana wa miaka 18 anayepelekwa mji mgeni, mbele ya kamera na mawakala, yuko salama zaidi mama na baba wakiwa mtaa wa pili. Hoja hii ina uzito kwa yeyote anayejua safari za vijana wa Kiafrika. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 na kuchaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, alikwenda Marekani kama waendavyo wengi, akiwa kijana mbali na kwao. Kuna na wale wanaosema fani nyingine hufanya hivyohivyo bila kelele: chuo kikimtaka profesa bingwa, mwenzi wake wa ndoa hutafutiwa kazi palepale.

Mfano wa profesa haufiki mbali. Profesa ni mtu mzima anayejadili masharti yake mwenyewe, na mwenzi wake ni mtu mzima pia. Mmoja akitaka kuondoka, wanazungumza kama watu sawa. Kati ya mzazi na mwana hakuna usawa huo, na katika jamii zinazomfundisha mtoto kwamba radhi ya wazazi ni mali, haupo kabisa. Hoja ya familia kuwa karibu nayo inajibu kitu kingine: inaeleza kwa nini wazazi wahamie, haielezi kwa nini mwajiri wao awe kocha wa mtoto.

Uzito wa kimaadili wa suala zima uko kwenye uhuru wa huyo kijana. Mchezaji wa chuo hubadili mawazo kwa sababu za kawaida: kocha hampangi, kozi haimfai, goti limegoma, moyo umechoka na mpira. Mwenzake wa kawaida hufunga mizigo. Yeye, kabla ya kufunga mizigo, analazimika kuhesabu kodi ya nyumba ya wazazi, bima ya matibabu ya mama, ada za wadogo zake. Hakuna aliyemtishia. Hakuna sentensi kwenye mkataba inayosema abaki. Deni hilo lipo bila kuandikwa, na aliyelikopa si yeye. Wazazi wengi waungwana hawatamkumbusha mtoto jambo hilo hata siku moja, na bado atalijua.

Wanaoumia wengine wako pembeni. Wachezaji wenzake hawajui tena kama dakika anazopangwa ni za jitihada zake au za baba yake aliyeketi benchi. Hata akizistahili, sifa yake inachafuka. Kocha kijana aliyehangaika miaka kumi kwenye timu ndogo akingoja nafasi ya usaidizi anaona kiti kimekwenda kwa asiyeshindana naye. Na vyuo vidogo visivyo na mishahara ya kugawa vinaondolewa kwenye mashindano ya kumpata kijana kabla hata hajavitembelea. Madhara haya ya pembeni hayatofautiani sana na upendeleo wa ajira mahali pengine, na yanaweza kutibiwa kwa dawa zilezile.

Mpira wa miguu umekutana na tatizo hili kwa sura nyingine. Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu uhamisho inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo ni wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na mpira. Maneno hayo ya mwisho yaliwekwa kwa sababu klabu zilikuwa na njia rahisi ya kuzalisha sababu: kumpa baba kazi ya bustani au ya udereva, kisha kusema familia imehama kutafuta maisha. Barcelona ilifungiwa kusajili mwaka 2014 kwa kukiuka kanuni za watoto, Real Madrid na Atlético Madrid zikafuata mwaka 2016. Upande wa pili yupo Martin Ødegaard, aliyejiunga na Real Madrid Januari 2015 akiwa na miaka 16, umri unaoruhusiwa kwa uhamisho ndani ya eneo la Ulaya. Baba yake, Hans Erik, ambaye alikuwa kocha Norwei, alipewa kazi ya kufundisha vijana wa klabu hiyo. FIFA ilichagua kumlinda mtoto mdogo moja kwa moja kwa kutazama sababu ya safari. NCAA ilichagua kutazama aina ya cheo. Njia ya FIFA ni ngumu kuthibitisha lakini inauliza swali lililo sahihi zaidi.

Afrika Mashariki haina mpira wa vyuo wenye fedha za namna hiyo, na kumwajiri baba ili kumpata mwana si desturi iliyozoeleka. Kilichozoeleka ni kumwajiri mchezaji mwenyewe. Ligi ya mpira wa miguu ya Tanzania imejaa historia ya timu za waajiri: Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi, na kwa Nyanda za Juu Kusini, Tanzania Prisons ya Jeshi la Magereza. Filbert Bayi alikuwa askari alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Kenya ina KPA ya bandari ya Mombasa kwenye kikapu, Pipeline na KCB kwenye wavu. Kijana alipewa ajira kwa sababu ya miguu au mikono yake, hilo halikufichwa, na wengi walistaafu na pensheni miaka mingi baada ya magoti kukataa. Mfumo huo ulikuwa na upendeleo wake, lakini aliyetia saini ndiye aliyecheza, na kazi haikuisha na kipaji.

Kwenye michezo ya wanafunzi mambo huwa tofauti. Kila mwaka mashindano ya shule za sekondari na za msingi Tanzania, UMISSETA na UMITASHUMTA, huja na malalamiko ya mamluki, yaani wachezaji wanaoingizwa kwenye kikosi cha shule au mkoa usio wao. Uganda na Kenya shule zenye majina hushindania vijana hodari kwa kuwasamehe ada. Msamaha wa ada unakwenda kwa mwanafunzi mwenyewe na unaonekana. Hatua inayofuata, ya kumtafutia mzazi kibarua cha ulinzi au cha jikoni shuleni, ni fupi na haionekani. Waajiri wa nchi hizi wanajua jinsi vimemo vinavyotembea, na mtu aliyeingia kwa kimemo hahitaji kuelezwa nani alimbeba.

Uzito wa hatua hiyo unaonekana vizuri zaidi mahali kama Saza, katika Wilaya ya Songwe. Dhahabu imechimbwa huko tangu enzi za Waingereza. Mgodi wa zamani wa Saza ulifungwa katika miaka ya 1950, na mgodi wa New Luika ulianza kuzalisha mwaka 2012. Pembeni yake wachimbaji wadogo wanaishi kwa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe. Watu wa eneo la namna hiyo hawahitaji somo kuhusu tofauti ya fedha ya duara, ambayo mwezi huu ipo na mwezi ujao haipo, na mshahara wa tarehe ya mwisho wa mwezi wenye bima na makato ya hifadhi ya jamii. Chukua mfano wa kubuni. Binti wa kata hiyo amemaliza kidato cha sita, mrefu, mwepesi, ameng'ara kwenye kikapu cha shule. Chuo kimoja cha binafsi mjini kinampa nafasi, na wiki hiyohiyo kinamwita baba yake, anayesaga mawe kwenye karasha la mtu, awe mtunza vifaa vya michezo. Familia inahamia mjini. Wadogo wawili wanaingia shule nzuri. Hakuna aliyedhulumiwa, na majirani wana haki ya kushangilia.

Mwaka wa pili kocha anaanza kumtaka binti huyo kimapenzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inalijua kosa hilo kwa jina lake, rushwa ya ngono, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wana ofisi. Lakini binti anajua ripoti ya utendaji ya baba yake inaandikwa na nani. Mfano umepelekwa mbali kwa makusudi, na makocha wengi si watu wa namna hiyo. Ila kinga ya mchezaji haipimwi kwa makocha wema. Hata jambo dogo, kama kuomba kuacha timu ili amalizie masomo ya uuguzi, lingepita kwenye mlango huohuo mwembamba.

Sheria za Tanzania zinagusa suala hili kwa pembeni. Chuo cha umma hakiwezi kuahidi ajira ya kudumu mdomoni, kwa kuwa nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na usaili husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira. Ahadi ya kocha ni maneno ya kocha. Chuo cha binafsi kina uhuru mpana zaidi. Mchezaji akiwa bado mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka maslahi yake yatangulie, na ni vigumu kuona jinsi maslahi hayo yanavyotangulia pale ambapo mzazi, ambaye ndiye mshauri wake, analipwa na upande mmoja wa ushauri. Iwapo anayepewa manufaa ni mwalimu wa michezo ili awaelekeze wanafunzi wake kwenye chuo fulani, suala linasogea karibu zaidi na rushwa ya kawaida, kwa sababu anaiuza nafasi aliyokabidhiwa na mwajiri wake.

Kipimo kinachotenganisha ajira ya haki na hongo iliyovaa suti hakiko kwenye nia, maana nia haina risiti. Kiko kwenye siku ambayo mchezaji anaondoka. Kama mzazi ataendelea na kazi kwa muda uleule, kwa mshahara uleule wanaolipwa wenzake wa cheo hicho, ajira ilikuwa yake. Mengine yanafuata kutoka hapo: nafasi iwe imetangazwa na wengine wakashindania, mkataba uwe wa muda unaovuka muda wa masomo ya mtoto, utendaji wa mzazi upimwe na mtu asiyepanga kikosi, na mzazi asikae kwenye kikao kinachoamua dakika za mwanawe. Chuo kinachoona masharti haya ni mazito kimeshajibu swali la nani kilikuwa kinamwajiri.

Mazingira yaliyoizaa desturi hii yamebadilika. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo Marekani wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wachezaji, kwa kikomo cha takribani dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Ile hoja kwamba mzazi alilipwa kwa sababu mtoto hakuweza kulipwa imekufa. Ilitarajiwa desturi ife nayo, lakini kuna jambo linaloipa uhai mpya. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama chuo mara moja na kucheza papo hapo bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza kuhama kila anapotaka, mradi masomo yake yaende vizuri. Kocha anayempata kijana leo anaweza kumpoteza masika yajayo kwa chuo kitakachotaja dola zaidi. Fedha hushindwa na fedha. Nyumba ambayo wazazi wameshapanga, shule ambayo wadogo wameshaizoea na ofisi ambayo baba ameshaandikwa jina mlangoni hazihamishiki kwa simu moja ya wakala, na kocha anayetafuta namna ya kumbakiza mchezaji analijua hilo.